Nani Atamwosha Tekla

Jumanne, 4 Juni 1996

Nimerudi sasa hivi. Bibi Anastazia tumemzika. Mgongo unaniuma wote. Nimemwosha peke yangu, kama kawaida. Wake vijana wamejaa uani wanaimba, sauti nzuri kweli, lakini chumbani haingii mtu. Wakiniuliza, "Mama Tekla, tukusaidie?" nawajibu kaeni huko huko, mtanichanganya. Na kweli wananichanganya. Mwaka juzi mmoja aliona mdomo wa marehemu umeachama, akapiga ukelele hadi mbuzi wakakimbia. Mtu wa hivyo wa nini?

Ester, rafiki yangu, ndiye huniletea maji hadi kizingitini. Anatua ndoo, anageuza uso, anaondoka mbio. Miaka yote hiyo. Na mama yake mzazi nilimwosha mimi.

Muhogo nilioloweka umepitiliza, unanuka. Mzee wangu amekula usipa, dagaa wetu wa ziwani, bila ugali, amenuna. Mwache anune.

Alhamisi, 6 Juni

Tekla amekuja. Mwanangu. Lori la kutoka Kitai limemshusha barabarani, utingo akambeba mgongoni hadi barazani pa duka. Nilipofika nikampita. Nilidhani ni bibi wa watu anapumzika. Nilimpita mtoto niliyemzaa! Akaniita mwenyewe, "Mama, niko hapa."

Ana miaka ishirini na sita.

Tangu Kosmas, mumewe, alipokufa mwaka jana kule Mbinga nilijua, ila nikajitia hamnazo. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlimani, Kosmas akawa anasafiri nao. Songea, Makambako, huko na huko. Akarudi na redio na mashati ya mitumba. Baadaye akarudi na ugonjwa. Kichanga chao kikatangulia, kisha yeye. Watu hawautaji kwa jina. Wanasema amekanyaga waya.

Nawachukia watu wa mlimani. Nimeandika, basi.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Baada ya ibada wenzangu wa umoja wa akina mama wakaja. Wameleta unga, kuni, na samaki wawili wakubwa, mbasa. Wamefagia uwanja, wamejaza mtungi, wamepika. Mungu awabariki. Lakini Tekla wamemsalimu dirishani. "Pole mwanetu." Naye kutoka kitandani, "Shikamooni mama zangu." Kisauti kama uzi.

Walipoondoka nikakusanya vikombe. Vyote vimejaa. Hakuna aliyekunywa chai yangu.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda zahanati. Dawa hakuna, ukanunue dukani. Siku hizi hata kuumwa unachangia. Nesi ni binti mwenye huruma, amenipa jozi moja ya glovu, ya mwisho kwenye boksi. "Za kumhudumia mgonjwa, mama, usiache kuzivaa." Nikaitikia. Nilipofika nyumbani nikazificha sandukuni chini ya kitenge changu cha Pasaka.

Najua nazitunzia nini. Sitaki kuandika.

Upepo wa mwera unavuma ziwani, mitumbwi haitoki. Mzee amezunguka kijiji kizima kutafuta samaki mbichi wa kumpikia binti yake mchuzi. Mvuvi anaomba samaki. Nimemwonea huruma, halafu nikamfokea kwa kukanyaga uwanja na matope. Sijui nina nini.

Jumamosi, 15 Juni

Tekla ameuliza. Nilikuwa namkanda miguu.

"Mama, nani ataniosha?"

Nikamwambia nyamaza, unywe uji. Akasema, "Wewe hawatakuruhusu." Anajua. Amekulia humu. Kwetu mama aliyezaa haoshi mwanawe. Anakaa upande wa pili wa ukuta, kwenye mkeka, anashikiliwa, wengine wanafanya. Mimi mwenyewe nimewatoa nje akina mama wangapi! Toka mama, si kazi yako. Wengine waling'ang'ania mlango, nikawabandua vidole kimoja kimoja. Kisha nafunga, nafanya kazi yangu kimya kimya, nikiona kimya ndiyo heshima.

"Wataogopa kunigusa," Tekla akasema. "Watanifunga sanda hivi hivi. Sitaki kuzikwa na jasho langu, mama."

Nikamwahidi ataoshwa. Nimeahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwangu.

Jumatatu, 17 Juni

Nimempata Ester shambani kwake. Nikamwomba waziwazi. Akachomeka jembe ardhini, akasema, "Nitafanya, dada. Wewe ulinistiri." Nimelia pale pale kwenye matuta. Jioni alikuja, nikamwelekeza juu ya mkono wangu mwenyewe, hivi unaanza, hivi unageuza, hivi unafunika. Mara mbili aliurudisha mkono wake nyuma. Nikamwambia mara ya kwanza wote huogopa.

Nimemwambia Tekla. Amelala vizuri usiku huu.

Alhamisi, 20 Juni

Ester ameingia mitini. Mumewe anasema amekwenda Lipingo, binti yake anajifungua. Binti huyo alijifungua wakati wa Pasaka! Nilikuwepo! Kitovu nilikata mimi!

Nilimwambia mumewe maneno ambayo siandiki hapa.

Tekla sijamwambia.

Ijumaa, 21 Juni

Nimepita nyumba kwa nyumba. Mmoja ana mtoto anayenyonya. Mmoja presha. Mmoja amenishika mikono, akasema, "Mama Tekla, naogopa," akalia. Huyo nimemheshimu. Glovu nilizitoa nikawaonyesha. Walirudi nyuma kama nimewatolea nyoka.

Kwenye misiba yao nimekuwa nikienda kwao wote. Wote. Na nilikuwa nawaambia nini? Kaeni huko huko. Wamekaa.

Jioni Tekla akaomba tumpelekee salamu mama mkwe wake. Eti Mama Kosmas alimfundisha kuchimba ngolo, yale mashimo yao ya kuzuia udongo usiteremke na mvua. Kule wanaume wanafyeka na kulaza majani, wanawake ndio wanaochimba. Eti alikuwa anamwachia sehemu ya kivuli. Nikasema, "Watu wamekumaliza, wewe unawatumia salamu?" Akageukia ukutani. Hajanisemesha tena.

Jumapili, 23 Juni

Upepo. Hali si nzuri. Anakunywa maji kwa kijiko.

Jumatatu, 24 Juni

Mama Kosmas yuko ndani ya nyumba yangu.

Sikumwita mimi. Mzee alimpa dereva wa lori ujumbe kwa siri. Nimegombana naye nyuma ya jiko kwa sauti ya chini hadi koo limekauka. Yeye ananitazama tu. "Mtoto alitaka," anasema. Hilo tu.

Mwanamke mkubwa, bado amevaa nguo nyeusi za msiba wa mwanawe. Amekuja na kifuko cha maharage na rozari. Kahawa yake imeiva, inadondoka chini, wanunuzi wako njiani, ameiacha. Alipiga hodi, nikaitikia kooni. Kiti sikumpa. Mungu anisamehe, sikumpa kiti. Akakaa chini. Kisha akainuka, akaingia chumbani bila kuuliza, akamwinua Tekla, akamwegemeza kifuani, akamsugua mgongo. Wakaanza kuongea Kimatengo chao.

Tekla akacheka. Kicheko kidogo, chenye kikohozi. Mimi tangu amefika sijawahi kumchekesha.

Wivu ulinikaba nikatoka nje.

Jumatano, 26 Juni

Amekufa. Alfajiri. Mkono mmoja nilishika mimi, mwingine Mama Kosmas.

Siwezi.

Alhamisi, 27 Juni

Tumemzika. Sasa naweza kidogo.

Jana uwanja ulijaa. Waliimba vizuri, kama wanavyoimba siku zote. Mimi kwenye mkeka, uso ukutani, wanawake wawili wamenishika mabega. Ndoo ya maji ya moto ikawekwa kizingitini. Ikakaa. Wimbo ukaisha, wakaanza mwingine. Nilikuwa nasikia nyimbo, nasubiri kusikia mlango. Mlango kimya. Wimbo wa tatu. Maji yanapoa. Nikainuka niende mwenyewe, wakanikandamiza. "Si kazi yako, mama." Maneno yangu! Nikawatukana. Nadhani nilimuuma mmoja mkono.

Ndipo Mama Kosmas akasimama. Mtu akasema mkwe haoshi mkwe, haijapata kuonekana. Akajibu bila hasira, "Aliingia kwangu akiwa mtoto, hakutoka. Glovu ziko wapi?"

Mzee akazileta. Zilikuwa ndogo. Mikono ile imechimba ngolo maisha yake yote. Moja ikapasuka kwenye kidole gumba, akaomba mfuko wa nailoni, akaufunga juu yake kwa uzi wa nyavu. Akaongeza maji ya moto, akabeba ndoo, akaingia. Akafunga mlango.

Kisha nikasikia sauti yake, ng'ambo ya ukuta.

"Mama Tekla, unanisikia? Naanza na uso."

Uwanja wote ukanyamaza.

"Uso tayari. Sasa nywele. Nazichana taratibu, hazina shida." Maji yakachuruzika. "Sasa mkono wa kulia. Hapa ana kovu la jembe, aliumia msimu wa kwanza, tulilifunga na majani. Linang'aa." Maji. "Sasa namgeuza. Hajaumia, usiogope. Mgongo. Nasugua mgongo."

Ukuta wetu ni wa matofali mabichi. Niliweka shavu hapo, udongo ukalowa machozi. Nilifuata kila kiungo. Nilimwosha mwanangu kwa masikio.

"Sasa miguu," akasema mwishoni. "Basi, mama. Jasho halipo. Ni safi."

Habari ya jasho mimi sikumwambia. Tekla alimwambia mwenyewe.

Jumapili, 30 Juni

Mama Kosmas ameondoka na lori la asubuhi. Kahawa haingoji. Nilimsindikiza hadi barabarani, nimembebea kikapu cha usipa. Lori lilipokuwa linapakia magunia nikamuuliza kwa nini alikuwa anasema vile, kila kitu kwa sauti.

Akatazama upande wa ziwa. Akasema, "Kosmas wangu alipokufa, wanaume waliingia kumwosha, wakafunga mlango. Kimya. Walipomaliza wakasema tayari. Hadi leo sijui walimfanyaje."

Nilitaka kumwambia kuhusu kile kiti. Sikuweza. Nikamfunga vizuri kanga ya begani, upepo ulikuwa mkali. Akaniambia, "Kaa vizuri, mama." Akapanda juu ya magunia.

Jumatatu, 8 Julai

Ester amerudi. Ameingia jikoni bila hodi, akakaa kwenye kinu kilicholala. Nikamsogezea kisu na muhogo. Akamenya wote, hadi ule wa kesho.

Alipokuwa anaondoka akasema, "Nilifika njiani nikataka kurudi, miguu ikakataa." Nikamwambia nenda nyumbani, jua linazama.

Bado nina hasira naye. Chumba cha Tekla nimekifagia mara mbili leo. Hakuna uchafu, nafagia tu.

Jumanne, 23 Julai

Binti wa Mama Bahati amefariki, homa ya siku chache. Msichana mdogo, hajaolewa. Walikuja kuniita asubuhi, "Mama Tekla, twende." Bado naitwa hivyo. Nilijua ningeitwa, maji nilikuwa nimeshateka.

Wanawake uani, wimbo umeanza. Nikasimama mlangoni na ndoo. Nikawaambia leo siingii peke yangu. Wakatazamana. Wimbo ukayumba. Nikasubiri. Ester akatoka katikati yao, amekunja mikono ya gauni, uso umepauka kama jivu. Akachukua ndoo mkononi mwangu.

Tukaingia. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Mama Bahati, wanamshikilia, anagonga ukuta kwa ngumi. Mlio huo naujua sasa.

Nikapiga magoti. Nikasema kwa sauti, "Mama Bahati, unanisikia? Naanza na uso."

Ngumi zikaacha.

Ester akanitazama. Nikamwambia amimine maji, polepole, asimwage yote.