Nyumba ya Baba Haiuzishwi

Likasi, tarehe 9 mwezi wa saba 2024

Yaya wangu Marceline,

Nakusalimu kwa heshima yote ya mudogo kwa mukubwa wake. Je, kifua chako kilipona? Na batoto banaamuka muzuri? Baambie Tonton Déo, mujomba wabo, anabakumbuka. Huku tunapumua. Mama iko na magoti yake ya siku zote, lakini anakula. Miye niko muzima. Bantu banasema hata nimenenepa, ni wivu tu.

Simu zako niliziona zote tano. Sikujibu kwa sababu sauti yako ingenishinda. Ujumbe nilisoma: kwamba pale Kalemie, kando ya ziwa, mwenye nyumba anabatosha inje ili afanye hoteli ya kulisha bageni samaki, kwamba kodi ya ufukoni imepanda kila pahali, na kwamba mwezi wa nane weye na batoto mutarudi katika nyumba ya Baba. Uliniomba nipake rangi chumba cha nyuma. Yaya, kabla ya kukata tiketi, soma barua hii mpaka mwisho.

Unajua nilifungua malewa yangu, mugahawa mudogo, kwenye veranda mwaka jana. Si kujisifu, lakini Likasi yote ilikula kwangu. Samaki balitoka Kapolowe asubuhi, bengine bakubwa hivi: kichwa kinachemka katika sufuria yangu, mukia bado uko njiani. Injenieri mumoja alilamba sahani, akaniuliza kama nilisomea jiko Ulaya. Nilimujibu kwamba ni Ulaya ilisomea kwangu.

Kasoro ilikuwa ukuta wa mbele. Yale maneno marehemu Baba aliandika na lami, mwaka ule kampuni ya madini ilibaachia batumishi nyumba zao: NYUMBA HII HAIUZISHWI. Pale miye nilitaka orodha ya chakula na sura ya samaki. Mama aliniomba niandike upande wa choo. Nikamwambia hakuna muntu anakula akitazama choo. Nikapaka chokaa mara mbili, na maandishi ya Baba yakapotea.

Weye unajua desturi ya huku: ukuta ukifutwa maneno yale, bantu banasema nyumba iko sokoni. Chokaa haijakauka, bakomisionere, wale ba kutafutia batajiri nyumba, balikuwa bameshaketi kwenye viti vyangu. Siku hizi, tangu bantu ba madini bajae, hata chumba kimoja kinaombwa kwa dola, na garantie, feza ya kutanguliza ya miezi sita, juu yake. Ningebafukuza, Yaya. Lakini balikula muzuri, balinilipa palepale, baliniita Patron. Nikaanza kubatembeza katika vyumba, kwa kujisifu tu. Nikasema nyumba ni yangu peke yangu. Nikasema nilisoma sheria Lubumbashi miaka mine, miye ambaye weye ulinifanyia mazoezi ya mwaka wa tano primaire, na bado nikaanguka.

Kulikuwa mumoja, Ghislain, mununuzi wa madini, kila saa sita iko kwangu na kichwa cha samaki. Alisema atanunua, lakini malewa itabaki kwenye veranda, na Mama atabaki katika chumba chake mpaka Mungu amwite. Siku moja malewa imejaa, akatosha mufukoni karatasi za Kifaransa, akasema mwanasheria asome kwanza. Bote banakula, bote bananitazama. Nikavaa miwani ya Mama, nikageuza kurasa polepole, nikatingisha kichwa pale palipofaa kutingisha. Nikasema iko en ordre. Nikasaini.

Katika karatasi zile veranda haikuwamo. Mama hakuwamo.

Ndiyo, Yaya, niliuzisha nyumba ya Baba. Ni miye, si serikali, si mwizi. Feza nilifungulia malewa ya pili, kwenye barabara kubwa, ikakufa katika wiki saba. Tangu mwezi wa tano miye na Mama tunapanga chumba kimoja Kakontwe, vumbi ya mawe inaingia mpaka katika bukari, ugali wetu. Chumba cha nyuma unachoota hakiko tena chetu.

Nilingoja Mama anilaani. Anafagia tu kiwanja cha bantu bengine. Lakini juzi nimetoka kununua mukate, nikamusikia anaongea na Blandine, mwenye nyumba wetu, aliyemuuliza sababu gani mama wa umri wake analala chini. Mama yetu, aliyetupiga fimbo juu ya uongo wa sukari kijiko kimoja, alimujibu kwamba mutoto wake Déo anamujengea nyumba ya étages mbili kando ya ziwa kule Kapolowe, chini malewa ya bantu mia, juu vyumba vya kulala, kimoja ni cha Marceline. Kwamba sisi tunangoja simenti ikauke. Blandine akacheka, akauliza itakauka lini. Mama akasema Déo haongopi.

Nilisimama inje na mukate wangu. Sikuweza kuingia.

Ukija, Yaya, nitukane mbele ya mutaa muzima, sitainua macho. Mupeleke Mama kokote utakakopata mulango wako. Ila akikuambia habari ya étages zile, nakuomba, usimukatalie. Muulize tu dirisha la chumba chako linatazama wapi.

Nibusie batoto, kila mumoja kwa jina lake. Mama anakusalimu, hajui ninakuandikia nini.

Ni miye mudogo wako,
Déogratias