Bia Ndani ya Sanduku la Chanjo

Neema mujukuu wangu,

Tunakusalimia toka Baraka. Bibi yako ananigombeza kila asubuhi, basi ujue iko na afya.

Unasema kompyuta yako inakisia ni joto gani litafungua kauzi ka RNA kalikojikunja, hata kale ka ndani ya virusi ya polio, na unauliza kama digri chache zinaweza kutisha muntu. Mi zilinitisha.

Nilipokuwa kijana, nilisindikiza sanduku la chanjo ya polio kwa mutumbwi mpaka Ubwari, kijiji cha bibi yako, kwenye alikuwa na baba yako angali mutoto mudogo. Jua lilikuwa kali, nami nikawa nafungua sanduku kila mara, napoza bia yangu mule. Tulipofika, barafu ilikuwa maji, na chanjo ya polio ikipata joto inakufa.

Muganga akainua kachupa. "We, hii ingali nzima?"

"Si unaona rangi yake, docta? Haikubadilika."

Batoto wote bakapewa matone, baba yako pia. Hapo ndipo uoga ukaniingia.

Baba yako anatembea vizuri, hata kazi anaikimbia vizuri. Lakini mpaka leo, nikishuka Ubwari, ninaangalia kwanza miguu ya bantu wa umri wake, kisha nyuso zao.

Usimuambie bibi.

Babu yako