Ilinyesha Nairobi

Chebet mjukuu wangu,

Salamu kutoka Kedowa. Sisi tuko, ingawa magoti yangu yamechoka kuliko mimi mwenyewe. Ng'ombe wetu amezaa ndama jike, na babako anakusalimia sana.

Umeniuliza kama ni kweli mvua ikinyesha siku rais anaapishwa, ni baraka. Ndivyo tulivyoambiwa. Nikiwa msichana, siku moja kama hiyo tulichuma majani ya chai asubuhi, halafu boma lote likaenda kwa jirani aliyekuwa na redio. Mtangazaji akasema mvua inanyesha Nairobi. Wazee wakapiga makofi: "Baraka imekuja!" Tukaimba mpaka jioni.

Huku kwetu jua lilikuwa kali. Vikapu tuliviacha nje vimejaa, hakuna aliyevikumbuka. Tulipovifikisha kituo cha kuuzia majani, karani aliingiza mkono, akautoa haraka. Majani yalikuwa yamepata joto kwa kukaa juani, yamekuwa mekundu, yameharibika. Akayakataa yote.

Mama hakugombana na mtu. Aliyamwaga katikati ya mistari ya chai, akasema tu, "Ilinyesha Nairobi."

Kesho yake ikanyesha kwetu. Mama alijifunga karatasi ya nailoni kiunoni, akaingia shambani peke yake. Hakuna aliyepiga makofi.

Tangu hapo nimesikia wengi wakiapishwa, juani na mvuani, na sina nguvu tena ya kubishana ni ipi baraka. Mimi hutia mkono kikapuni kwanza, kisha ndipo nawasha redio.

Ni mimi nyanya yako, gogo.