Mama Ngoie na Neno Kuvua

Mjukuu wangu Chola,

Habari za Lubumbashi? Huku Nchelenge tuko wazima, na babu yako ameanza tena kutembea hadi ufukweni. Umeniomba sentensi mbili za neno kuvua, kila moja kwa maana yake. Nami nilipewa zoezi hilohilo miaka ya sabini, nikiwa msichana wa shule mwenye haya.

Aliyenipa ni Mama Ngoie, Mkongomani aliyevuka ziwa kununua samaki kwetu. Nilipenda vitabu, naye alipenda kunifundisha Kiswahili. Safari iliyofuata alikuta mitumbwi yote imevutwa mchangani. Mjomba wangu alikuwa amezama, na kwetu hakuna anayetia nyavu mpaka aliyezama apatikane. Ilikuwa siku ya tatu, na vijana walianza kunong'ona: "Huyu mama akienda kununua kwa wavuvi wa Puta, samaki wetu atanunua nani?"

Mama Ngoie, asiyejua lolote, aliniuliza, "Mutoto, sentensi yako iko wapi?"

Nilisoma kwa sauti ndogo: "Mjomba anavua samaki." Nilikuwa nimeiandika kabla hajazama. Kisha nikalia.

Alipoambiwa habari, alivua viatu, akaketi chini kati ya wanawake, vikapu vyake vitupu pembeni.

"Siendi Puta," aliwaambia vijana. "Mutu wetu angali mu mayi," yaani bado yumo majini.

Hakuna aliyesukuma mtumbwi. Kesho yake asubuhi mjomba alipatikana, tukamzika.

Basi andika: Mjomba alivua samaki. Halafu andika: Mama Ngoie alivua viatu, akaketi nasi.

Bibi yako