Kulabu ya Chini Kushoto

Mdogo wangu Shabani,

Barua za kwetu huanza kwa mtu kusema yeye ni mzima na anatumai mwenzake naye ni mzima. Mimi ni mzima. Wewe sijui, na ndiyo maana naandika mbele za watu mambo yaliyokuwa yetu wawili. Barua hii nitaituma kwenye makundi yote ya simu ya Waswahili wa hapa Johannesburg, Watanzania, Wakongo, Wakenya, yeyote atakayekubali kuisambaza. Nitaomba ibandikwe hata kwenye ubao wa msikiti wa mjini. Kama ni aibu, basi na iwe. Ile njia tuliyokuwa tukiitumia wameing'oa Jumanne.

Duka letu kubwa limevunja upande wa magari, Shabani. Hakuna tena.

Wasiotujua watauliza magari gani. Ni vile vigari vya chuma vya kuchezea, vinavyotosha kiganjani, kila kimoja na kadi yake na plastiki yake, vimetundikwa kwenye kulabu ukutani. Wapo watu wazima wanaovikusanya, wenye kazi zao na watoto wao, wanaoingia dukani asubuhi na kuanza kupekua kabla hata ya kununua mkate. Wewe ulikuwa mmoja wao. Mimi nilianza kwa kukucheka.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyonipeleka? Nilikuwa nimetoka kupima madirisha ya watu Sandton, tepu ya kupimia bado iko shingoni, nataka kwenda kukaa chini. Wewe ukapiga magoti pale sakafuni, mtu mzima na ndevu zako, ukayapita magari ya mbio yote, mekundu na ya njano, ukatoa lori la maji. Nikakuuliza kama Mama anajua una wazimu. Ukaniambia, "Dada, magari ya mbio ni ya watu wenye haraka. Mimi nataka gari linalokwenda kazini." Na kweli, kile kichumba chako nyuma ya spaza yako, kile kiduka cha mtaani kule Alexandra, ulikijaza magari ya kazi. Lori la takataka, trekta, winchi, basi la shule. Uliyapanga kwenye ubao juu ya friji, yote yameelekea mlangoni, eti yanasubiri kuitwa.

Wakusanyaji wana tabia yao, na wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu akiona gari zuri na hana hela siku hiyo, haliachi mbele. Analificha nyuma ya yale yasiyotakiwa na mtu, anarudi kulichukua akipata. Sisi tuliichukua tabia hiyo tukaifanya simu yetu. Spaza yako ilikuwa haifungwi, na mimi na mapazia yangu nilikuwa natoka kabla ya watu na kurudi baada ya watu. Wiki zinapita hatuonani. Basi ukachagua kulabu ya chini kushoto, ambayo nyuma yake kuna vumbi kwa sababu hakuna anayependa kupiga magoti. Anayepita anaweka gari moja mwisho kabisa, kadi imegeuzwa, uso ukutani. Mwenzake akilikuta analipeleka kwa mwenye mashine ya malipo, anamfichia jingine. Hakuna karatasi, hakuna ujumbe. Nikikuta gari limegeuzwa nilikuwa najua upo, umekula, unapumua.

Ile mara uliyougua kifua na simu huipokei, nilipita pale roho juu. Nikaingiza mkono nyuma, nikatoa gari la wagonjwa. Nilicheka peke yangu mbele za watu, wakanipisha njia. Ulijikongoja na homa yako hadi dukani ili unichokoze.

Siku waliyovunja spaza za wageni sitaisimulia hapa, unaijua kuliko mimi. Ulikuja kwangu na nguo ulizovaa. Walibeba unga, walibeba friji, na ule ubao uliokuwa juu yake wakaubeba na magari yako yote. Friji hukuitaja hata siku moja. Ulikaa kwenye kiti changu cha cherehani ukaniuliza, "Dada, lori dogo la takataka mtu analichukua la nini?"

Baada ya hapo ukawa mtu wa kukaa kimya. Kisha ukasema kuna mtu ana kazi ya shambani nje ya jiji, unakwenda kuangalia, utanipigia ukifika. Nilikufungia chapati kwenye taulo la jikoni lenye mistari. Hukupiga. Nilipiga mimi, nikapiga, mpaka siku moja akapokea mama anayesema Kizulu, akanieleza kwa upole kwamba namba hiyo sasa ni yake na nisimpigie tena.

Nimekutafuta, Shabani, usije ukadhani sikukutafuta. Nimezunguka hospitali. Nimesimama nje ya msikiti kila Ijumaa nikiwaonyesha watu picha yako. Nilikwenda hata polisi. Yule askari alikuwa na adabu, alinipa kiti, akashika kalamu, na kitu cha kwanza alichouliza ni kibali chako cha kuishi nchini. Nikasema samahani, nimekosea ofisi. Unajua mwenyewe kwa nini.

Ikabaki ile kulabu. Jumanne zangu zote za Sandton nilipita pale, nikapiga magoti na goti langu hili baya. Nilikuwekea trekta, nikalikuta pale pale. Siku moja nilikuta halipo na nyuma hakuna kitu, nikajiambia amelichukua mtoto wa watu. Nikaweka jingine. Wafanyakazi walishanizoea. Papa Dieudonné, yule mlinzi Mkongo wa mlangoni, alikuwa akiniona tu ananinyooshea mkono upande ule, kama vile nakwenda kuzuru mgonjwa.

Halafu wakabandika matangazo mlangoni kwamba duka linajiboresha kwa ajili yetu. Nilimwendea meneja. Ni kijana msafi, anatabasamu, akanieleza vizuri sana. Wakusanyaji watafurahi, alisema. Magari ya bei yatapata kabati lao la vioo, lenye taa, karibu na sehemu ya kulipia. Yale ya kawaida yatamwagwa kwenye makapu makubwa ya waya. Kulabu zinaondolewa kwenye matawi yote, na ukuta wetu utawekwa majiko yale ya kukaangia kwa hewa. Nikamwomba aniachie kulabu moja. Akauliza nataka itundikwe bidhaa gani. Nikamwambia yoyote. Nadhani nilikuwa nimemshika mkono wa shati, kwa sababu aliutazama mkono wangu, kisha akauliza kama ningependa kukaa ninywe maji.

Jumanne hii nilikuwa kwa mteja, niko juu ya ngazi, pazia moja limetundikwa na jingine liko begani. Ikaingia sauti ya Papa Dieudonné kwenye simu. "Dada, beko banatosha byote. Kuya mbio." Kwa Kiswahili chake cha Kongo, wanaondoa vyote, nije haraka. Nilishuka nikaacha pazia la mtu kwenye kochi. Nilikimbia, Shabani. Nilivuka robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, dereva wa teksi akanitukana matusi ambayo ningekutafsiria ungefurahi.

Nilikuta nusu ya ukuta imekuwa weupe mtupu. Vijana wawili wanang'oa kulabu na kuzitupa kwenye toroli, na magari yamelundikwa kwenye maboksi. Walikuwa hawajafika chini kushoto. Pembeni amesimama Njoroge, yule Mkenya wa benki uliyekuwa ukigombania naye malori, amekunja mikono kama mtu aliyekuja msibani. Alikuwa analalamika kwamba kadi zitapindika kwenye makapu, na kwamba kwenye kabati utanyoosha kidole kama uko kwa sonara, wakati raha yote ilikuwa kutafuta. Nilipiga magoti nikaingiza mkono nyuma.

Gari nililoweka halikuwepo. Lilikuwepo jingine. Kadi imegeuzwa, uso ukutani.

Nililia pale sakafuni, sitaficha. Yule kijana wa kung'oa akasimamisha kazi na kuangalia pembeni. Nikamwuliza Njoroge kama ni yeye aliyeliweka, akasema si yeye. Akachuchumaa karibu yangu na suti yake. "Mimi pia huficha, dada. Hapa kila mtu huficha. Usijipe moyo sana, pengine ni mtoto alilichezea tu." Nikamwuliza kama amewahi kumwona mtu mwingine anayegeuza. Akafikiri sana. Akasema hajawahi.

Niliuliza wote. Papa Dieudonné hakukuona, lakini anasema hakai mlangoni siku zote. Meneja anasema picha za kamera anatoa kwa polisi tu, na polisi ndio wale.

Nililinunua. Binti wa kwenye mashine aliuliza kama anifungie kama zawadi, nikasema hapana. Kisha nikasimama katikati ya duka na mfuko mkononi, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kujibu na hapakuwa na pa kuwekea jibu. Nilijaribu kapu. Nililaza gari jingine kifudifudi chini kabisa, na kabla sijafika mlangoni watoto walikuwa wamelikoroga kapu zima. Nilikwenda kwenye kabati la vioo. Lina ufunguo, na mwenye ufunguo akauliza nataka kuona lipi. Nikamwambia halimo.

Mama sasa hakuulizi kwa jina. Akipiga simu kutoka Tanga anauliza tu, "Na huko kwema?" halafu ananyamaza kwa muda mrefu, nami nanyamaza. Nimechoka na huko kunyamaza. Natembea barabarani nikitazama migongo ya wanaume. Nikisikia mtu anakohoa kwenye teksi nageuka. Sijui mtu anapaswa kungoja mpaka lini, na hakuna aliyenifundisha kuacha.

Barua hii wataisoma wengi, na najua wapo watakaonipigia waseme wamekuona, wanaomba kitu kidogo wanipeleke ulipo. Kwa hiyo sitaandika hapa ni gari gani nililolikuta, wala rangi yake. Nasema tu kwamba si la mbio. Sijaifungua plastiki. Nimeliweka juu ya cherehani, limeelekea mlangoni.

Kama ni wewe uliyeligeuza, unalijua. Njoo uniambie. Kama kuja ni kugumu, kama kuna jambo linalokuzuia ambalo huwezi kulisema, sitauliza uko wapi wala uko na nani. Mtume mtu yeyote na jina la gari hilo na rangi yake, hata bila salamu. Nitajua kwamba umekula, unapumua.

Ni mimi ambaye zamu ya kujibu imenikuta sina pa kujibia,
dada yako, Mwanaidi