Papa, Kapo ya Gari Yako Inafunga

Papa,

Gari ilitoka jana. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama sisi ni wazima.

Hujui kwamba iliumia. Siku tuliporudisha mwili wako nyumbani, mvua ilianza kabla turubai la matanga, ile bashi, halijafungwa. Wanawake walikuwa wameshakaa kwenye mikeka. Tonton Bosco, mdogo wako, aliona vijana wanachelewa na kamba, akapanda mwenyewe juu ya gari ili aifunge kwenye paa la nyumba. Unajua alivyo mzito. Kapo ile ya alumini inayofunika injini, ambayo hukuruhusu hata kuku atue juu yake, ilibonyea katikati na kupasuka pembeni kwenye mkunjo. Turubai likafungwa, tukakulilia pakavu.

Baadaye Tonton ndiye aliyetaka iondolewe. Alisema tuwape wale wanaoyeyusha alumini na kuimimina iwe nzungu za kupikia.

"Itatosha nzungu tatu, na kifuniko juu yake."

Mama hakuinua kichwa. "Na wewe Bosco, utakula nini mule ndani? Bwana yangu?"

Watu walicheka, Papa, palepale matangani. Tonton hakucheka. Hakuwa akitafuta faida. Alikuwa hawezi kupita karibu na ile gari.

Ilipokaribia siku ya Mama kuvua nguo nyeusi, familia ikapanga kama kawaida: mjane atembezwe mtaani, awasalimie waliokuja kulia naye. Mama akakataa. "Nitatoka na gari ya bwana yangu. Kama haitoke, na mie sitoke." Tulidhani ni maneno ya huzuni. Siku ikafika, ikapita, na nyeusi bado iko mwilini. Akaacha kwenda kanisani, akaacha soko. Alikuwa anakaa mlangoni akiitazama kapo, na sahani yake inarudi jikoni ilivyokwenda.

Fundi wa kwanza alitaka kuziba shimo kwa mastiki na kupaka rangi juu. Wa pili aliipiga nyundo ikiwa baridi, kama anavyopiga chuma, na ufa ukakimbia mbele zaidi. Nikaanza kuogopa kwamba Tonton alikuwa na haki.

Halafu tukampata Asumani, mtu wa Maniema mwenye karakana yake Kabondo. Jambo la kwanza aliomba sabuni. Mama akampelekea kipande cha ile ya mawese. Asumani alichora mistari ya sabuni juu ya kapo, akapitisha moto wa gesi polepole upande wa chini. Alumini, aliniambia, haikuonyeshi kwamba imepata moto; inabaki na rangi ileile mpaka inayeyuka mbele yako. Sabuni ndiyo inayosema. Ikigeuka kahawia, unatoa moto, na kwa muda mfupi alumini inakuwa laini, inakubali nyundo ya mti. Kwenye mwisho wa ufa alitoboa tundu dogo ili usiendelee, kisha kwa ndani akaweka kiraka cha alumini na misumari ya alumini. Chuma alikikataa, maana chuma na alumini vikikutana penye maji, kimoja kinakula kingine.

Nilikuwa narekodi kwa simu, mazoea ya kazi yangu ya uandishi wa habari. Akanipigia kelele: "Journaliste, weka ile mashini chini, shika huku!"

Tonton alikuja kila asubuhi bila kuitwa. Kazi yake ilikuwa kukandamiza mfuko wa mchanga chini ya kapo wakati Asumani anapiga. Siku moja alisogea kuona kwa juu, na Asumani akamwambia, "Tonton, bakia chini tu. Ya kupanda tulishaonaka." Ndipo nilipomsikia Tonton akicheka, mara ya kwanza tangu uondoke.

Haikurudi kama ulivyoiacha. Upande wa kushoto kuna wimbi dogo, unaliona jua likilala juu yake. Kijani chako hakipatikani mjini, kwa hiyo kapo imebaki nyeupe, bila rangi. Nilimweleza Mama yote hayo.

"Inafunga?"

"Inafunga, Mama."

"Bon. Leteni nguo."

Tukatoka. Mimi usukani, Mama mbele kwa kitambaa cha maua, Tonton nyuma. Kila nyumba tuliposimama watu waliuliza ile kapo imepatwa na nini. Nilikuwa nimeandaa jibu la kumfichia Tonton. Mama hakunipa nafasi. Alishusha kioo, akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma:

"Ni shemeji yangu. Alipanda kutufungia bashi, ile siku alikuwa analilia kaka yake."

Alisema hivyo nyumba baada ya nyumba, kwa maneno yaleyale. Mwishoni Tonton alikuwa amefunika uso kwa kofia yake.

Tuliporudi Mama hakushuka mara moja. Akaniambia, "Kesho asubui unipeleke soko. Samaki ya chumvi, makayabu, iliisha."

Papa, nakuahidi hii kapo haitaenda kwa watu wa nzungu nikiwa hai. Tonton atakuwa anaifuta kila baada ya mvua. Ameomba mwenyewe, nami nimekubali. Rangi nitaendelea kuitafuta. Pumzika. Ninakuacha hapa, maana Mama ameshaingia garini na anapiga honi.