Kijiti Chenye Kitambaa Chekundu

Jumanne, 7 Mei
Dada Darubini, tunavyomwita kwa ile darubini isiyomtoka shingoni, amekuja na wenzake wa kuhesabu ndege – wakulima, fundi cherehani, mwenye duka. Tumepekua shamba la nyasi lote. Viota vitatu vya kwale! Hesabu zao za mwaka jana zinaonyesha kwale wanapungua kila trekta linapopita juu ya viota. Basi tumechomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye kila kiota, ili Jumamosi dereva wa trekta la kukata nyasi akwepe. Baba watoto amecheka: kuku wamenishinda, sasa nafuga kwale?

Jumatano, 8 Mei
Kiota cha kwanza – maganda matupu. Nyoka, labda.

Alhamisi, 9 Mei
Na cha pili! Safari hii nimeona kwa macho yangu. Kunguru ametua juu ya kijiti, akachungulia chini, akala. Wala hakutafuta! Nilitaka kuziba ufa, nimebomoa ukuta. Nimelia.

Nimempigia Dada Darubini. Akasema wenzetu wa mashamba mengine nao wameripoti maganda, kila mmoja akidhani ni nyoka wake. Amewaandikia wote: ng'oeni vijiti leo hii.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeng'oa. Mayai sita yapo, mama yao ameyalalia, hata hakuruka. Lakini bila kijiti, trekta litajuaje?

Nimemwomba baba watoto tuache kipande hicho, ukubwa wa chumba tu. Akauliza kama ng'ombe watakula kwale kiangazi. Trekta ni la zamu, ikitupita mvua itaozesha nyasi zote. Hana kosa, na hilo ndilo linaloniuma. Amenipa mgongo.

Jumamosi, 11 Mei
Naandika nimesimama shambani. Trekta limeanza upande wa chini, baba watoto amekaa pembeni ya dereva. Kunguru yuko kwenye waya wa uzio, ananitazama. Nikisogelea kiota, nitamwonyesha. Nikikaa mbali, trekta litapita juu yake.

Honi! Dereva anauliza huyu mama ana nini. Trekta limesimama. Baba watoto ameshuka, anakuja kwa miguu, nyasi zimemfika magotini. Amekasirika au amekubali, sijui. Anakatiza moja kwa moja – kiota kiko mbele yake!

Nampungia mkono azunguke. Anadhani namwita. Ameongeza mwendo –